Union College, 2014: Ubingwa wa hoki ya barafuni uliochukua miaka 39

Kutoka Troy kwenda Schenectady, katika jimbo la New York, ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Troy kuna chuo kiitwacho RPI. Schenectady kuna Union College. Timu zao za wanaume za hoki ya barafuni ni watani wa jadi, ziko ligi moja ya ECAC, katika Daraja la Kwanza la michezo ya vyuo nchini Marekani. Lakini kwa miaka mingi kocha wa RPI aliweza kukaa sebuleni kwa wazazi wa kijana mwenye kipaji na kuwaambia: mwacheni aje, karo na chumba ni juu yetu. Kocha wa Union akija kukaa kwenye kiti hichohicho, alichokuwa nacho mkononi ni fomu ya kuomba msaada wa fedha, ileile anayojaza mwanafunzi yeyote kulingana na kipato cha nyumbani kwao.

Sababu ni ya kikanuni. Katika michezo mingine vyuo hivi viwili viko Daraja la Tatu, na Daraja la Tatu halimlipii mtu masomo kwa sababu ya mchezo. RPI ilikuwa kubwa katika hoki tangu zamani, ilishatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1954 na 1985, hivyo ikawa na msamaha wake. Mwaka 2004 vyuo vya Daraja la Tatu vilipopiga kura juu ya misamaha ya namna hiyo, waliokuwa nayo waliachiwa. Union ilipanda Daraja la Kwanza mwaka 1991, na kwa kuchelewa huko ikakosa.

Chuo hicho, chenye wanafunzi wapatao 2,200, ndicho kilichoifunga Minnesota mabao 7-4 tarehe 12 Aprili 2014 mjini Philadelphia na kutwaa ubingwa wa taifa. Minnesota ina wanafunzi kama 50,000 na kikosi chake cha siku ile kilikuwa na vijana zaidi ya kumi waliokwisha kuchaguliwa na klabu za NHL, ligi kuu ya kulipwa. Kila ninapokutana na simulizi ya mechi hiyo, neno linalotumika ni muujiza. Mimi nimefuatilia kisa hiki tangu mwanzo wake hadi sasa, na ninaona neno hilo linawanyima haki watu waliofanya kazi. Ubingwa ule ulijengwa polepole, kwa njia inayoeleweka, chini ya kanuni ambazo leo nyingi hazipo tena.

Kwa msomaji anayejua magongo ya uwanja wa nyasi tu: kwenye barafu kila timu huingiza watu sita, kipa akiwa mmojawao, juu ya viatu vyenye visu vya chuma. Kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu, ambacho wenyewe huita paki. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi yake ni kubwa mno kiasi kwamba wachezaji hupokezana kila baada ya sekunde 45 hivi, kundi linatoka, kundi linaingia, mchezo ukiendelea.

Njia ya mkato ya mwaka 1975

Union ni chuo cha mwaka 1795. Kilicheza hoki mwanzoni mwa karne ya 20, kisha timu ikafa mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa robo karne hivi hapakuwa na kitu. Mwaka 1975 ukajengwa uwanja wa barafu wenye paa ndani ya chuo, ukaitwa Achilles, na rais wa chuo, Thomas Bonner, akamleta kocha wa kuufungua: Ned Harkness.

Kumleta Harkness kufundisha timu iliyokuwa haipo ni jambo la kushangaza hadi leo. Ndiye aliyeipa RPI ubingwa wa 1954. Ndiye aliyeipa Cornell ubingwa wa 1967, kisha wa 1970 kwa rekodi ya mechi 29 na ushindi 29, bila sare wala kipigo. Baada ya hapo alikwenda Detroit Red Wings ya NHL. Mtu wa kiwango hicho hakuja Schenectady kupumzika. Alikuja kushinda, na alishinda tangu msimu wa kwanza.

Tatizo ni kwamba Union wakati huo ilikuwa mwanachama wa NESCAC, umoja wa vyuo vidogo vya kaskazini-mashariki ulioundwa mwaka 1971 kwa makubaliano kwamba masomo yatangulie michezo. Kanuni mojawapo ilimkataza kocha kutoka nje ya chuo kwenda kutafuta wachezaji. Harkness maisha yake yote alikuwa mtu wa kupiga hodi kwenye nyumba za watu. Wahadhiri wakaanza kulalamika kwamba vijana wa hoki wanaingizwa kwa mlango wa uani. Mwaka 1977 Union ikatoka NESCAC kwa sababu ya mvutano huo. Katikati ya msimu wa 1977-78 Harkness akajiuzulu, wachezaji wake wakaondoka pamoja naye, na mechi zilizobaki zikachezwa na vijana wa timu ya akiba.

Wengi huichukulia sehemu hii kama kituko cha utangulizi, wakaipita haraka kwenda 2014. Mimi naona hapa ndipo penye uzito. Chuo kilinunua jina kubwa kabla ya kukubaliana chenyewe kinataka nini. Kocha alitaka timu ya taifa zima, wahadhiri walitaka timu ya wanafunzi, na hakuna aliyekaa na mwenzake kuulizana kama vitu hivyo viwili vinaweza kukaa chumba kimoja. Uwanja ulikuwepo, kocha alikuwepo, ushindi ulikuwepo, na ndani ya misimu mitatu vyote vikabaki uwanja peke yake.

Kilichofuata ni miaka ya kawaida. Timu ilirudi kucheza Daraja la Tatu kwa adabu, na mwaka 1984 ikafika fainali ya daraja hilo, ikafungwa na Babson. Timu ya Army, chuo cha kijeshi cha West Point, ilipoiacha nafasi yake ECAC mwaka 1991, Union ikaichukua. Miaka ya kwanza ilikuwa ya vipigo. Ilikuwa inacheza na Harvard, Cornell, Yale, Clarkson, timu zenye mizizi ya karibu karne nzima, huku yenyewe ikiwa na uwanja wa watazamaji elfu mbili na kitu na fomu yake ya msaada wa fedha.

Wale ambao hakuna aliyewataka

Mwaka 2003 alikuja Nate Leaman, kijana bado, akitokea kuwa msaidizi Harvard. Alichofanya kinahitaji kuelezwa kwa utaratibu, maana hapo ndipo siri ilipo.

Soko la vijana wa hoki Amerika Kaskazini lina ngazi. Wale wa juu kabisa, wenye miaka 16 au 17, hugombaniwa na vyuo vikubwa kama Minnesota, Michigan, Boston College. Wengine huenda ligi kubwa za vijana za Kanada. Siku hizo aliyegusa ligi hizo, hata mechi moja, alipoteza haki ya kucheza chuo Marekani, kwa kuwa walihesabiwa kama wanalipwa. Chini yao kulikuwa na kundi la tatu: vijana wa ligi ndogo za British Columbia, Alberta na Ontario, waliochelewa kukua, wafupi, au ambao jina lao halikupata kuitwa siku klabu za NHL zinapochagua vijana. Wengi wanabaki kwenye ligi hizo hadi miaka 20, ndipo wanaingia mwaka wa kwanza wa chuo wakiwa watu wazima.

Leaman aliweka nguvu zake kwenye kundi hilo. Kijana wa namna hiyo hana milango mingi ya kuchagua. Akipewa nafasi anaishika, na familia yake iko tayari kuijaza ile fomu. Jingine ndilo kubwa zaidi: hakuna klabu ya NHL inayomsubiri nje ya geti. Atakaa miaka minne. Minnesota na Boston College, kwa utajiri wao wa vipaji, kila kiangazi huona nyota wao wa miaka 19 na 20 wakisaini mikataba na kuondoka, na kila vuli huanza tena na watoto. Union ilianza kuwa na kikosi cha wanaume wa miaka 22, 23, hata 24, waliocheza pamoja mechi zaidi ya mia.

Kwa hiyo kizuizi cha ufadhili kilifanya kazi mbili. Kiliwanyima Union nyota, hilo halina ubishi. Lakini pia kiliwasukuma kwenye sehemu ya soko ambayo matajiri hawakuwa na haja ya kuangalia, na sehemu hiyo ikawa na watu wanaodumu. Yale, ambayo nayo haitoi ufadhili wa michezo kwa kuwa Ivy League, umoja wa vyuo vikongwe ambao Yale ni mwanachama wake, wamekubaliana hivyo wenyewe, ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2013. Vyuo viwili vya aina hiyo, miaka miwili mfululizo, vyote vya ECAC. Ukiona muujiza unajirudia mwaka unaofuata, tafuta sababu.

Dakika 150

Kama ningeulizwa ni usiku gani Union ilikuwa timu kubwa, nisingetaja Philadelphia. Ningetaja Ijumaa tarehe 12 Machi 2010, kwenye uwanja wao wenyewe, katika mechi waliyopoteza.

Ilikuwa robo fainali ya ECAC, ya kwanza kati ya mechi tatu, dhidi ya Quinnipiac. Dakika 60 zikaisha 2-2. Katika mtoano muda wa nyongeza ni vipindi kamili vya dakika 20, na anayefunga kwanza ameshinda, hapohapo. Kipindi cha kwanza cha nyongeza kikapita bila bao. Cha pili. Cha tatu. Kila baada ya kipindi wachezaji wanarudi chumbani, nguo za ndani zimelowa jasho kiasi cha kukamuliwa, gari la kusawazisha barafu linazunguka, kisha wanatoka tena. Cha nne kikapita. Katika dakika ya 11 ya kipindi cha tano cha nyongeza, saa sita usiku imeshapita zamani, Quinnipiac wakafunga. Jumla dakika 150 na sekunde 22. Hadi siku hiyo haikuwahi kuchezwa mechi ndefu kuliko hiyo katika historia ya hoki ya vyuo vya wanaume Marekani. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 2015.

Watu walioshindwa hivyo, nyumbani, usiku wa manane, walitakiwa kurudi kwenye barafu hiyohiyo jioni ya siku iliyofuata. Wakarudi, wakashinda. Jumapili wakashinda tena na kuvuka. Wakaenda hadi fainali ya ECAC, wakafungwa 3-0 na Cornell. Hakuna kombe walilopata mwaka huo, lakini waliomaliza wikiendi ile hawakuwa tena timu ya kufurahia kushiriki.

Msimu uliofuata, 2010-11, Union iliongoza msimamo wa ECAC kwa mara ya kwanza na ikaingia mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza. Ilitolewa 2-0 na Minnesota Duluth, ambao wakaenda kuwa mabingwa. Kisha Leaman akaitwa na Providence, chuo chenye mfuko mnene zaidi, akaondoka.

Hapa vyuo vingi vidogo huanguka. Kocha aliyejenga anaondoka, anafuatwa na wachezaji, kazi inaanza upya. Union ilikwisha kuonja hilo mwaka 1977. Safari hii walimpa timu msaidizi wake, Rick Bennett, aliyekuwa hapo miaka kadhaa na aliyewajua vijana kwa majina na kwa wazazi wao. Mwaka 2012, msimu wake wa kwanza, walibeba kombe la ECAC na kufika nne bora ya taifa, wakatolewa na Ferris State 3-1. Mwaka 2013 walibeba tena ECAC, wakaitandika Boston College 5-1 kwenye mashindano ya taifa, wakatolewa na Quinnipiac. Ukiitazama 2014 ukiwa umeanzia 2010, unaona ngazi moja baada ya nyingine bila kurukwa hata moja.

Philadelphia

Kombe la tatu mfululizo la ECAC lilipatikana Machi 2014. Kwenye mashindano ya taifa wakaitoa Vermont, kisha wakakutana na nani? Providence ya Nate Leaman. Ushindi ulikuwa 3-1. Nahodha Mat Bodie, mshambuliaji Daniel Carr na mwenzake Daniel Ciampini walikuwa mwaka wa nne, vijana ambao Leaman mwenyewe aliwapokea chuoni mwaka 2010. Alifungwa na mavuno ya shamba lake. Mwaka mmoja baadaye, 2015, akatwaa ubingwa na Providence, kwa hiyo asionewe huruma kupita kiasi.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Boston College ya Johnny Gaudreau, ambaye kesho yake alitangazwa mchezaji bora wa vyuo wa mwaka. Union 5, Boston College 4, Ciampini akifunga mabao matatu.

Fainali sasa. Minnesota walitangulia, Union wakasawazisha, Minnesota wakatangulia tena. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Union wakafunga mabao matatu ndani ya dakika 1 na sekunde 54. Wakaenda mapumziko wakiwa mbele 4-2. Minnesota walikuja hadi 5-4 dakika zikielekea kuisha, ndipo Union wakafunga mawili ya mwisho.

Kuna takwimu moja ya mechi hiyo ambayo naomba tuitazame kwa karibu. Katika hoki, timu ikifunga bao la kawaida, kila mchezaji wake aliye kwenye barafu huongezewa moja. Ikifungwa, anapunguziwa moja. Beki wa Union Shayne Gostisbehere alimaliza fainali akiwa na saba juu. Union ilifunga mabao saba. Maana yake yote saba yaliingia yeye akiwa ndani. Mechi nzima iliisha kwa tofauti ya mabao matatu, na beki mmoja peke yake akawa na tofauti ya saba. Yaani dakika alizokaa benchi kupumua, Minnesota walikuwa bora. Mwenyewe alifunga moja na kutoa pasi mbili za mabao, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Gostisbehere alizaliwa Florida, kwenye joto na minazi. Baba yake ni Mfaransa aliyehamia huko kucheza pelota, mchezo wa kurusha mpira ukutani. Philadelphia Flyers walikuwa wamemchagua raundi ya tatu mwaka 2012, na fainali hiyo ilichezwa kwenye uwanja wa Flyers haohao. Ndiye aliyekuwa tofauti na kanuni niliyoieleza: nyota ambaye wakubwa walikuwa wanamsubiri, na kweli aliondoka mwaka huohuo, hakumaliza wa nne. Sisemi kwamba Union ilishinda bila kipaji. Ninachosema ni kwamba kipaji kimoja cha miaka 20 kilikuta kimezungukwa na watu wazima waliojua cha kufanya, na mahali pengine penye nyota kumi watu hao huwa hawapo.

Baada ya kombe

Union haijawahi kurudi fainali. Mwaka 2017 waliingia tena mashindano ya taifa na kutolewa mechi ya kwanza. Msimu wa 2020-21 chuo hakikucheza kabisa kwa sababu ya Uviko, na timu isiyocheza mwaka mzima hupoteza zaidi ya mechi. Januari 2022 Bennett alijiuzulu baada ya chuo kuchunguza malalamiko kuhusu namna yake ya kufundisha. Nafasi yake ikachukuliwa na Josh Hauge.

Mwaka huohuo wa 2022 kanuni ililegezwa, na Union ikaruhusiwa hatimaye kutoa ufadhili wa michezo kwa wachezaji wa hoki. Watu wa Schenectady walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tazama kilichotokea upande wa pili wa mizani. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima kama adhabu, kwa hiyo kijana asiyetakiwa na mtu, akichanua mwaka wa pili, mwaka wa tatu anachanua kwingine. Na kuanzia msimu wa 2025-26 vijana wa ligi kubwa za Kanada wanaruhusiwa kuingia vyuo vya Marekani. Wale wa miaka 20 kutoka ligi ndogo za Alberta, ambao Leaman aliwaendea peke yake, sasa wanagombania kiti na watu waliocheza juu yao. Union imepewa fedha wakati uleule ilipoondolewa muda, na kwa maoni yangu muda ndio uliokuwa mtaji wake.

Timu siku hizi inaitwa Garnet Chargers. Jina lina umeme ndani yake, kwa heshima ya mji ambako General Electric ilianzia. Mwaka 2025 ilihama kutoka uwanja wa 1975 na kwenda uwanja mpya kando ya Mto Mohawk, kwenye eneo la kilichokuwa kiwanda cha vichwa vya treni cha ALCO. Uwanja wa zamani ulikuwa hatua chache kutoka mabwenini, mwanafunzi aliweza kutoka maktaba saa moja kasoro na asikose kuona paki ikidondoshwa. Mpya ni mzuri kuliko wa zamani kwa kila kipimo, isipokuwa hicho.